Unasoma Kihispania darasani? Acha kukipitishia kwenye Kiingereza

Vijana wengi wa Arusha na Moshi wanaoongoza watalii wananiuliza kuhusu Kihispania, na wana haki, wageni kutoka Hispania, Mexico na Argentina wanakuja na wanaoweza kuwaongoza kwa lugha yao sio wengi. Mimi nilikisoma darasani, kozi ya jioni, kuanzia A1 (ngazi ya kwanza kabisa, kisha inakuja A2) mpaka nikamaliza B1 (ngazi ya kati), na kuna kitu maticha wengi hawakisemi kwa sababu vitabu vyenyewe vinaeleza grama kwa Kiingereza: wewe una Kiswahili kichwani, kitumie bana, Kiingereza kiweke pembeni.

Anza na matamshi. A, e, i, o, u zao ni zetu, ñ ni ny tu, kwa hiyo wiki ya kwanza unaweza kusoma sentensi kwa sauti hata kama huelewi inasema nini. J yao ni ile kh ya kooni, waliopita madrasa hawapati tabu. Gracias (asante) ya Madrid ina th ya thelathini, ya Mexico ina s ya kawaida, chagua moja ubaki nayo. Nada (hakuna kitu) inasikika karibu na nadha, amigo (rafiki) ina gh ya lugha. Kazi iko kwa sisi ambao r na l zinatupiga chenga, maana pero ni lakini, perro ni mbwa, pelo ni nywele, na hapo hamna njia ya mkato, rudia mpaka ulimi ukubali.

Kisha grama. Me duele la cabeza ukiipitishia kwenye Kiingereza unaanza kutafuta "mimi" imeenda wapi, kwa Kiswahili ni kichwa kinaniuma, basi, kichwa ndo kinafanya kazi na wewe umekaa ndani kama -ni-. Ikiwa ni miguu kitenzi kinabadilika, me duelen los pies, miguu inaniuma, si ndo sisi kila siku? Ukishaishika hiyo, me gusta haikusumbui tena: me gusta el café, kahawa inanipendeza, me gustan los mangos, maembe yananipendeza. Hii mada inakula vipindi vizima darasani na bado utasikia mtu anakosea na kusema yo gusto, akijaribu kuanza na "mimi".

Ser na estar pia, vitenzi viwili vya "kuwa". Soy guía, mimi ni mwongozaji. El hotel está en Karatu, hoteli iko Karatu. Halafu angalia hii, estoy cansado ni nimechoka, estoy sentado ni nimekaa, está cerrado ni pamefungwa, yaani ile -me- ya hali yetu mara nyingi inaangukia kwa estar. Haifiki kila mahali, kwa mfano la fiesta es en mi casa inatumia ser ingawa sisi tungesema iko kwangu, lakini inakubeba mbali kuliko jedwali la kukariri. Na el na la, vile vineno vinavyotangulia majina na kuyagawa makundi mawili, usizililie, mtu aliyekua anasema vitabu vizuri viwili bila kufikiria anashindwaje las casas blancas, nyumba nyeupe? We shika tu kila jina pamoja na el au la yake, hasa wakorofi ambao mwisho wao unakudanganya, kama el problema (tatizo), el mapa (ramani) na la mano (mkono).

Sasa A1 na A2 kwa Mswahili zinapita haraka, na hapo ndo pana mtego, watu wanajiona wameshajua, wanapumzika miezi kadhaa, wakirudi B1 hawaelewi kinachoendelea. Darasa la B1 linapungua watu vibaya sana. Ushauri wangu usiache pengo kati ya ngazi na ngazi, hata kama hela inasumbua bora uongee na ofisi ulipe kidogo kidogo.

Kinachofukuza watu B1 ni subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaka, kukataza na kuombea, na kiukweli sisi ndo tulitakiwa tuifurahie. Aimba, nataka aimbe. Canta, quiero que cante. Usiimbe, no cantes. Ile a inageuka e kwao kama kwetu! Vitenzi vya -er na -ir vinaenda kinyume, come (anakula) inakuwa coma (ale), lakini wazo ni lilelile, jambo bado halijatokea, unalitaka, unalikataza, unaliombea. Wanaenda mbali kutuzidi, no creo que venga sisi ni sidhani kama atakuja, hapo -e haipo, kwa hiyo andika ukurasa mmoja wa zile zinazofanana na mwingine wa zisizofanana, ukurasa wa pili ndo wa kukesha nao. Comí na comía nazo zifanyie hivyohivyo, nilikula na nilikuwa nakula, inatosha kuanzia.

Darasani kwenyewe, kaa na mtu anayependa kuongea hata kama anakosea, usikae na yule anayeandika kila kitu kimya kimya, daftari lake litakuwa zuri na wewe utatoka bubu. Masikio yafundishe kwa mahojiano ya wachezaji wa La Liga baada ya mechi, wanarudia maneno yaleyale kila wiki, partido (mechi), equipo (timu), hemos trabajado mucho (tumefanya kazi sana), hata kama timu yako imefungwa unapata kitu.

Mtihani wa DELE, ule wa kupima Kihispania wa Instituto Cervantes, taasisi ya lugha ya Hispania, fanya kama unaenda chuo au unataka cheti, nacho hakina tarehe ya kuisha. Kama lengo ni wageni tu, hela hiyo lipa ngazi inayofuata. Na wageni wa Argentina wakikuambia vos tenés badala ya tú tienes (wewe una), usidhani ticha alikudanganya, ndo wanavyoongea kwao, wewe wajibu kwa tú yako, wataelewa.