Mashine ya boti na betri ya sola: kwa nini karani wa Manda alivikataa

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa mashine za boti, Langoni, Lamu. Nilipeleka uwanja wa ndege wa Manda mashine ya boti inayohitaji matengenezo Nairobi, pamoja na betri ya sola ya lithiamu ya volti 12.8, ampea-saa 100. Betri imevimba na mteja anairudisha dukani. Mashine niliimwaga petroli yote, na tangi niliacha nyumbani. Karani wa mizigo alikataa vyote viwili. Sheria inasemaje, na nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, fundi. Karani alifanya sawa kwa vyote viwili, ila sababu si moja, na iliyonitisha zaidi ni betri.

Betri za lithiamu tunazipima kwa wati-saa: zidisha volti kwa ampea-saa. Yako ni wati-saa 1,280. Abiria anaruhusiwa kubeba betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100. Ikiwa kati ya 100 na 160, shirika la ndege lazima likubali kwanza, na mwisho ni mbili. Ikizidi 160, haiingii kwenye mizigo ya abiria. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 ni kama wati-saa 74 tu, lakini hata hiyo unakaa nayo mwenyewe kwenye kiti, haiendi na begi linalopakiwa tumboni mwa ndege. Kuituma betri yako kama shehena nako hakusaidii: tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu-ioni, jamii ya hiyo yako, zinazosafirishwa peke yake bila kifaa chake zimepigwa marufuku kwenye shehena ya ndege za abiria.

Na yako imevimba. Betri iliyoharibika kiasi cha kuweza kutoa joto haipandi hata ndege ya mizigo isiyobeba abiria. Ndani ya betri mna seli, yaani vibetri vidogo vilivyopangwa pamoja; seli moja ikiharibika hujipasha joto yenyewe, humpasha jirani yake, naye jirani vivyo hivyo, huku ikitoa gesi inayowaka. Haloni, ile gesi ya kuzimia moto kwenye ndege kubwa, hupunguza miali lakini haizuii joto kuhama kutoka seli hadi seli. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai ikiwa na betri nyingi za lithiamu. Moto ulizuka ndani ya shehena, na marubani wote wawili walikufa. Sasa fikiria ndege ndogo inayotoka Manda, mizigo ikiwa hatua chache kutoka kwa abiria.

Tuje kwenye mashine. Najua uliimwaga, na sina shaka na mkono wako. Lakini petroli inabaki kwenye kabureta, kwenye pampu, kwenye chujio na kwenye mipira, na kinachowaka hasa ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze joto la Manda. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutulia chini palipofungika. Ndege inapopanda, shinikizo la hewa linapungua, na kilichojificha kwenye mipira hutafuta pa kutokea.

Kwa hiyo mtu akiniambia mzigo ni mtupu, huwa nauliza ni mtupu kivipi. Mei 11, 1996, ndege ya abiria ya shirika la ValuJet iliondoka Miami kwenda Atlanta ikiwa na mitungi ya kuzalisha oksijeni iliyoandikwa kwenye karatasi kuwa ni mitupu. Muda wake wa matumizi ulikuwa umepita, lakini kemikali zilikuwa bado zimo, na vifuniko vya usalama havikuwekwa. Mtungi wa namna hiyo ukifyatuka hutoa joto kali na oksijeni kwa pamoja. Moto ulizuka, ndege ikaanguka, na watu wote 110 walifariki. Karani wa kaunta hana njia ya kuona ndani ya kabureta yako. Anategemea unachomwambia na unachokiandika, na wajibu wa kutangaza kilichomo ni wa mwenye kutuma.

Mashine iliyotumika inaweza kukubaliwa, lakini si kwa kumwaga tu. Mfumo mzima wa mafuta unakaushwa na kusafishwa, matundu yanazibwa, na mzigo unatangazwa. Hata hapo shirika lina haki ya kukataa, na mengi hukataa. Ikiwa ubovu uko kwenye gia, ifungue sehemu ya chini, mwaga oili yote, isafishe, uitume hiyo peke yake; haina njia ya petroli, na maelezo yake kaunta ni mepesi. Ikiwa ubovu uko juu, ivushe kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, iende kwa barabara.

Betri usiipeleke Mokowe ukaitupia kwenye buti la basi. Abiria wa basi nao ni watu. Acha kuichaji, funika vichwa vyake kwa tepu ya umeme, iweke nje ya nyumba, mbali na makuti na petroli, kisha mteja ampigie muuzaji. Apeleke picha ya betri na risiti, aombe wakubaliane kuhusu kubadilishiwa kabla mtu yeyote hajaisafirisha.