Swali la Lugha: Zebaki "imemwagika" au "yamemwagika"?

SWALI: Katika tafsiri ya somo la kemia niliandika "zebaki yamemwagika", mhariri akaweka "imemwagika". Zebaki si kimiminika kama maji na mafuta? Tena, sayari inayoitwa Mercury kwa Kiingereza nayo niiite Zebaki? Na sentensi hii je, iko sawa: "Zebaki huyeyuka kwenye joto la chumba na kutoa moshi wenye sumu"?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi. Maji, mafuta na maziwa huchukua "ya-" kwa sababu maneno yenyewe yana "ma-" mwanzoni, wala si kwa sababu vitu hivyo humiminika. Damu nayo humiminika, na hujawahi kusikia "damu yamemwagika". Zebaki ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo limekaa katika ngeli ya I-/ZI- pamoja na dhahabu, fedha na shaba. Kwa hiyo andika zebaki hii, zebaki imemwagika. Ukitaka kuhesabu, hesabu matone.

Sayari iite Utaridi. Kiingereza kina jina moja kwa metali na sayari; sisi tumerithi mawili, na sioni sababu ya kuyachanganya. Wapo wanaoandika Zebaki kwa sayari, lakini msomaji wa sayansi utamsumbua bure.

Sasa sentensi yako, ambayo ndiyo iliyonigusa zaidi. "Huyeyuka" halifai hapo. Zebaki huganda kwenye nyuzi -38.8 za Selsiasi. Ikifika kwenye joto la chumba imeshayeyuka zamani. Inachofanya ndani ya kipimajoto ni kupanuka, ndiyo maana tunasema zebaki imepanda. Hata "kumwagika" kwake si kama kwa maji: hailoweshi kioo, bali hujikusanya kuwa vitone vya mviringo vinavyong'aa, vinabingirika huku na huku, na viwili vikigusana huwa kimoja. Ni nzito ajabu, lita moja ina kilo 13.5 hivi, kiasi kwamba kipande cha chuma huelea juu yake. Alama yake, Hg, inatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya maji na fedha, na aliyeitazama ikibingirika hatauliza kwa nini.

Neno la kuondoa kabisa ni "moshi". Moshi unaonekana na unanuka. Msomaji asipouona atadhani yu salama. Zebaki hutoa mvuke, hata kabla ya kuchemka (huchemka kwenye nyuzi 357 hivi), na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta huweza kudhurika ubongo na figo bila kushtuka. Ningeandika hivi: "Zebaki ni kimiminika kwenye joto la chumba, na hutoa mvuke wenye sumu usioonekana wala kunuka."