Jibu kwa mpwa wangu wa Chikongola

Juzi saa tatu usiku ya huku Pittsburgh, Marekani, ambayo kwenu Mtwara ni saa kumi alfajiri, mpwa wangu wa Chikongola aliniandikia. Usingizi ulikuwa umemkataa. Namnukuu kwa ruhusa yake: "Mjomba, nimesoma kwamba Pittsburgh ulikuwa mji wa chuma, viwanda vikafungwa, watu wakakimbia, na leo ni mji wa mahospitali, vyuo na roboti. Sisi bandari tunayo, gesi tunayo, korosho tunazo. Mbona tumekaa kijiweni? Na mimi nitafutie njia nije huko kabla ujana haujaniisha."

Vijana wa Lindi, Masasi na Newala wameshaniuliza hivyo hivyo, na kila mara nimejibu "tutaongea." Leo naongea, na naongea mbele ya wote. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye anayedaiwa majibu, na deni hili nimekaa nalo muda mrefu mno.

Nianze na kazi yangu, maana picha ninazotuma hazioneshi kazi. Miaka minne ya mwanzo nilibeba boksi kwenye ghala moja nje ya mji. Msimamizi alikuwa anatuhesabia dakika za kwenda chooni, na ukizidisha, Ijumaa unaziona zimekatwa kwenye malipo. Sasa niko hospitalini, shifti ya usiku, chumba cha chini kisicho na dirisha. Vyombo vya upasuaji vikitoka kwa madaktari vinaletwa kwetu na damu yake. Navisugua kwa brashi ndogo kama mswaki, navipitisha kwenye mashine ya kuosha, kisha nakaa chini ya taa kali yenye lenzi na kukagua mkasi mmoja mmoja. Naufungua, nachungulia pale kwenye bawaba, kwa sababu damu iliyokauka hujificha hapo. Trei moja inaweza kuwa na vyombo themanini. Kikikosekana kimoja, trei haitoki. Ikikamilika inafungwa na kuingia kwenye mashine ya mvuke. Nilisoma na kufanya mtihani wa cheti ili niruhusiwe kazi hii, na naiheshimu, kwa kuwa kuna mtu amelazwa ghorofani ambaye uzima wake unapitia mikononi mwangu. Lakini ni kusimama saa nane, na nikitoka asubuhi miguu imevimba hadi viatu vinabana.

Huo ndio uchumi mpya uliousoma, mpwa wangu. Daktari wa upasuaji yumo ndani yake, na mimi nimo, na tofauti ya malipo yetu ni kama ya Mikindani na mwezini.

Sasa habari ya huo mji kufufuka. Nimeisikia zaidi kwa jirani yangu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Ni mzee wa miaka 79. Mwaka 1965 aliajiriwa kwenye kiwanda cha chuma cha Homestead, kando ya mto Monongahela. Kiwanda hicho wakati wa Vita Kuu ya Pili kilikuwa na wafanyakazi kama 15,000. Anasema kijana alikuwa anamaliza shule Ijumaa, Jumatatu yuko tanurini, na kwa mshahara ule anajenga, anaoa, anasomesha. Moshi wa zamani, kabla yake, ulikuwa mzito kiasi kwamba miaka ya 1940 taa za barabarani ziliwashwa adhuhuri. Watu waliuvumilia kwa sababu ulikuwa na harufu ya ugali, kama wazee wetu walivyovumilia mafuta ya ganda la korosho yakiwababua vidole.

Halafu miaka ya 1980 ikaja. Chuma cha nchi nyingine kikawa rahisi zaidi, mitambo ya huku ilikuwa imezeeka, wenye mali hawakuifanya upya kwa wakati. Mwanzoni mwa mwaka 1983, eneo zima la Pittsburgh, zaidi ya watu 17 katika kila 100 wanaotafuta kazi hawakuwa nayo. Ajira za viwandani zilizopotea katika miaka ile zilizidi laki moja. Homestead ilifungwa mwaka 1986, jirani yangu akiwa na miaka arobaini na mkopo wa nyumba. Jijini penyewe mwaka 1950 walihesabiwa watu 676,806. Mwaka 2020 walihesabiwa 302,971. Wengine walihamia vitongojini, lakini wengi waliondoka moja kwa moja, hasa vijana. Watoto wake wawili wako Texas. Wanakuja Krismasi.

Yeye hakuondoka. Mkewe aliingia jikoni hospitalini, naye akawa mlinzi wa usiku kwa chini ya nusu ya mshahara wa zamani. Kikopo chake cha bati cha chakula, chenye kibandiko cha chama cha wafanyakazi kilichopauka, kipo juu ya friji hadi leo. Siku moja nilimpeleka kununua mataulo kwenye maduka yaliyojengwa palipokuwa kiwanda. Uwanja ule ulikaa mtupu zaidi ya miaka kumi, na maduka yakafunguliwa mwaka 1999. Mabomba kumi na mawili ya moshi yameachwa yamesimama mstari mmoja, kama kumbukumbu. Mzee alishuka garini, akatembea polepole katikati ya maegesho, akasimama. "Tanuri langu lilikuwa hapa," akasema. Alikaa pale dakika nzima akiangalia lami. Mataulo hatukununua siku ile.

Kwa hiyo ukiniambia mji ulifufuka, nakubali. Ila waliofufuka nao wengi wao si wale walioanguka. Aliyekuwa anamwaga chuma hakuamka siku moja akawa mtengeneza roboti. Aliyetengeneza roboti alikuwa mtoto wa mtu mwingine, mara nyingi kutoka mji mwingine au nchi nyingine kabisa.

Roboti zenyewe zilitoka wapi? Hapa naomba usome taratibu, maana ndilo jambo ninalotaka ulielewe kuliko yote. Chuo kilichozizaa, Carnegie Mellon, kilianza mwaka 1900 kama shule za ufundi, kwa fedha za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma hicho hicho. Taasisi yake ya roboti ilianzishwa mwaka 1979, miaka saba kabla Homestead haijafungwa. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kipo tangu 1787. Hapo ndipo Jonas Salk alipotengeneza chanjo ya sindano ya polio iliyotangazwa mwaka 1955, na hapo ndipo alipohamia Thomas Starzl mwaka 1981, daktari bingwa wa kupandikiza ini, wagonjwa wakaanza kumfuata kutoka kila pembe. Viwanda vilipokufa, mbegu zilikuwa zimeshazikwa ardhini muda mrefu, na baadhi zilikuwa zimeota. Mwaka 1985 jiji, kaunti na vyuo hivyo viwili walikaa pamoja, wakaandika mpango mmoja wakauita Strategy 21, wakaenda kuomba fedha serikali ya jimbo kwa sauti moja. Hata baada ya hapo ilichukua miaka ishirini na zaidi. Kuna jengo refu la ghorofa 64 katikati ya mji lililojengwa na kampuni ya chuma, U.S. Steel. Mwaka 2008 juu yake ziliwekwa herufi za UPMC, shirika la mahospitali, ambalo ndilo mwajiri mkubwa wa hapa. Mzee jirani yangu hapendi kuziangalia. Anasema ni kama kuona jina la mtu mwingine kwenye kaburi la baba yako.

Nilienda Hazelwood, mtaa wa hapa hapa mjini, kuona kwa macho. Kiwanda cha mwisho pale kilifungwa mwaka 1998. Mifupa ya jengo moja refu la chuma imeachwa imesimama, ndani yake wamejenga ofisi na karakana za roboti, juu wameweka paneli za sola. Pameitwa Mill 19. Ni pazuri, sikufichi. Lakini nilihesabu watu niliowaona kwa saa nzima ya mchana, hawakufika thelathini, mahali palipokuwa pakishusha maelfu kila shifti. Vitu hivi vipya navyo vinaanguka. Kampuni ya Argo AI ilianza hapa mwaka 2016 kutengeneza magari yanayojiendesha, Ford wakatangaza kuweka dola bilioni moja, na Oktoba 2022 ikafungwa. Duolingo, inayofundisha lugha kwenye simu, Kiswahili chetu kikiwemo, yenyewe imesimama na makao yake ni hapa hapa.

Na kuna Braddock, ambako wageni hawapelekwi kupiga picha. Kiwanda cha chuma cha Edgar Thomson kinafanya kazi pale tangu 1875, hakikufa. Kilichoondoka ni hospitali, iliyofungwa mwaka 2010. Katika mkoa unaosifiwa kwa tiba, mji wa watu maskini ulinyang'anywa hospitali yake. Jambo hilo linaniuma hadi leo, nami nafanya kazi ndani ya tiba hiyo hiyo.

Nirudi Mtwara. Mama yangu, bibi yako, alibangua korosho kiwandani. Viwanda vile vilijengwa miaka ya 1970 kwa mikopo, na miaka ya 1980 vingi vikawa vimefungwa. Nilikuwa mtoto, nakumbuka makufuli, na nakumbuka aliporudi nyumbani na aproni yake akaifua, akaikunja, akaiweka sandukuni. Kabla ya hapo wazee wetu walishaona mradi wa karanga wa Waingereza uliokuja mwaka 1947 na makelele ya matrekta Nachingwea, bandari ikajengwa, reli ikajengwa. Karanga zikashindwa, reli ikang'olewa miaka ya 1960. Sisi kuanguka kwa kitu kikubwa tunakujua kabla ya Pittsburgh.

Ndiyo maana gesi iliponuka tena tuliikimbilia kwa moyo wote. Mwaka 2012 nilikuja likizo, nikakuta mwenye nyumba Shangani anataka kodi ya mwaka kwa dola, na kila mwenye kiwanja anangoja Mzungu. Mwaka 2013 bomba la kwenda Dar es Salaam likaleta vurugu na vifo, mwaka 2015 bomba likakamilika. Ndugu zetu wa Lindi nao wamekaa miaka mingi wakisubiri mradi wa kuchakata gesi wa Likong'o. Sisemi gesi haina maana, na sisemi waliolia walikosea kulia. Nasema mji niliopo uliwahi kungoja hivyo hivyo. Jirani yangu anasimulia kwamba kwa miaka mingi wenzake walikaa baa wakiambiana kiwanda kitafunguliwa tena masika. Wengine walifariki wakingoja masika hayo.

Wewe angalia vitu ambavyo tayari viko ardhini kwetu. Naliendele kuna watafiti wa korosho wanaojua mkorosho kuliko watu wengi duniani, na wewe umezaliwa mwendo wa bodaboda kutoka pale. Korosho zetu nyingi bado zinaondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam, tunauza kwa mnada tunapiga makofi, kazi ya kubangua inaenda na meli. Bandari ipo na ni ya kina kirefu. Dangote wanachoma saruji. Hivyo vyote vinataka fundi umeme, fundi wa mashine za kupoza, mtu wa maabara, mtu wa hesabu za ghala. Sijui kama vitakuajiri wewe na marafiki zako wote. Najua kwamba huku waliokuwa na ufundi mkononi walipata kazi nyingine haraka, na waliokuwa na kumbukumbu tu walibaki baa.

Na la kukutafutia njia. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza mwaka 2009, nikiwa na makaratasi halali, na bado ilinichukua miaka minne kutoka kwenye ghala. Leo napata dola 22 kwa saa. Ukibadilisha kwa shilingi unaniona tajiri. Toa kodi ya mapato, toa bima, toa dola 1,150 za chumba kimoja na sebule, toa gari, kwa sababu basi halifiki kazini saa tano usiku, toa gesi ya kupashia nyumba joto Januari. Kinachobaki ndicho kinachokuja huko, na miezi mingine hakibaki, nakopa ili nisiwaambie hapana. Hilo nilikuwa sijawahi kulisema. Bibi yako alipofariki nilimzika kwa simu. Jumapili moja sokoni nilikutana na mama wa Kibantu kutoka Somalia, babu zake walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu karne ya kumi na tisa. Nikamuuliza kabila, akasema, "Mmakua." Nilishika mkono wake nikashindwa kuuachia. Upweke wa huku ndivyo ulivyo, unamshika mkono mtu usiyemjua.

Ukipata nafasi halali ya kuja kusoma, njoo, kitanda kipo na nitakupokea uwanjani mwenyewe. Kuja bila makaratasi sikusaidii hata kwa senti moja, na usiponielewa leo nichukie tu. Ila ada ya chuo cha ufundi hapo Mtwara, fani ya umeme wa viwandani au mitambo ya kupoza, nalipa mimi, yote, na vitabu. Nenda Jumatatu ukachukue fomu, upige picha kila ukurasa unitumie. Ukitaka kupiga simu, piga baada ya saa tisa alasiri ya kwenu. Muda huo nakuwa nimetoka shifti na nimeshavua viatu.