Jibu: Wanafunzi wa klabu wameacha kuleta kazi baada ya kusahihishiwa

Habari mwalimu. Umesema watoto wa kidato cha kwanza walileta hadithi na picha za simu, ukasahihisha kwa kalamu nyekundu, na sasa wanaoleta ni wawili tu.

Anza na hiyo kalamu. Ukurasa ukirudi umejaa wino, mtoto haoni tena kisa chake. Rasimu ya kwanza usiguse tahajia kabisa. Soma hadi mwisho, pigia mstari sentensi moja iliyokunasa, andika pembeni kwa nini: "Bibi anahesabu sarafu kabla ya kujibu, nikajua hana nauli." "Vizuri sana" peke yake haimsaidii, maana hajui arudie nini. Kisha uliza swali moja analoweza kulijibu kwa kuandika: "Mlango ulipofunguka, alisikia nini?" Tahajia ingoje rasimu ya pili, tena aina moja ya kosa, mfano l na r.

Kwenye picha, muulize kwanza alitaka tuone nini. Uso ukiwa mweusi, mara nyingi dirisha lipo nyuma ya mtu na simu imepima mwanga wa nje. Apige tena dirisha likiwa ubavuni, na asogee kwa miguu badala ya kuvuta kwa vidole, kwa sababu picha ikivutwa inapoteza ukali. Achague mwenyewe iliyo bora, aeleze sababu.

Mbele ya wenzake taja lililo zuri. Swali mpe faraghani. Walioacha, andika maoni mapya kwa penseli kwenye kazi zao za zamani, uwape mkononi.