Navuta chumbani kwangu, dirisha wazi na feni inazunguka. Je, moshi unamfikia jirani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nimepanga chumba Tandale, nyumba ya vyumba sita. Navuta sigara kama 10 kwa siku, zote chumbani kwangu, mlango nimefunga, dirisha wazi, feni inazunguka. Chumba cha pili kuna dada mwenye mtoto wa miezi 8 anayebanwa kifua kila mara, na lawama zote ananishushia mimi. Sigara inauzwa kihalali, kodi ya serikali imo humo humo, na mwili ni wangu. Mbona yeye anapika kwa mkaa koridoni na hasemwi? Naomba jibu la kitaalamu: dirisha na feni havitoshi?

JIBU: Marahaba. Havitoshi, ndugu yangu, na katika nyumba ya namna hiyo hata kufunga mlango hakusaidii sana. Tazama juu. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari: ukuta wa chumba unaishia kwenye kenchi, na kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mmoja unaounganisha vyumba vyote. Moshi wa sigara ukiwa moto unapanda, unasambaa chini ya bati, kisha unashukia chumba chochote. Upepo nao ukiingia kwa dirisha lako, unausukuma moshi huo koridoni kupitia chini ya mlango.

Feni inafanya kazi ya kijiko kwenye kikombe cha chai: inakoroga, haitoi. Chembe nyingi za moshi wa sigara hazifiki hata mikromita 1 (milimita moja ukiigawa mara elfu), kwa hiyo zinaelea kwa saa nyingi kabla ya kutua. Kinachoziondoa ni hewa mpya kuingia na ya zamani kutoka. Tuseme hewa ya chumba chako inabadilishwa mara 1 kwa saa. Saa nzima baada ya kuzima sigara, zaidi ya theluthi ya moshi bado imo. Ili ibaki asilimia 5, zinahitajika kama saa 3. Kwa sigara 10 kwa siku, unawasha nyingine kabla moshi wa ile ya kwanza haujaisha.

Jambo ambalo wavutaji wengi hawaelezwi ni kwamba sehemu kubwa ya moshi unaobaki chumbani haitoki mdomoni mwao. Inatoka kwenye ncha ya sigara inapoungua yenyewe mkononi. Moshi huo haukupita kwenye kichungi, na kwa sababu ncha inaungua kwa joto dogo kuliko wakati unapovuta, kila gramu ya tumbaku hapo hutoa gesi zenye madhara, kaboni monoksidi na amonia, nyingi zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2004, liliuweka moshi wanaouvuta wasiovuta sigara kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Sasa mtoto. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa umri huo hupumua mara mbili ya hapo au zaidi, kwa mirija myembamba mno. Uvimbe mdogo tu unatosha kumfanya akorome. Siwezi kusema sigara yako pekee ndiyo inayomuumiza, kwa sababu sijampima. Mkaa nao unadhuru kweli, na jiko lile litoke koridoni, liende uani. Lakini moshi wa jiko hauufuti wako. Yote miwili inaingia kwenye kifua kilekile.

Kuhusu haki, nakubaliana nawe kwa sehemu. Mtu mzima ana haki ya kuhatarisha mwili wake, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inadhibiti uvutaji katika maeneo ya umma, si chumbani mwako. Ila hoja ya mwili wako inaishia pale pumzi ya mwingine inapoanza. Scotland ilipiga marufuku kuvuta ndani ya maeneo ya umma Machi 2006. Katika hospitali 9 zilizofuatiliwa, waliolazwa kwa shambulio la moyo walipungua kwa asilimia 17 ndani ya mwaka, na wengi wa walioepushwa walikuwa watu wasiovuta. Hao hawakuwahi kuchagua chochote.

Na wewe je? Sigara ya kwanza uliichagua. Ile ya alfajiri kabla ya chai, sidhani. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu, katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na ukilala usiku kucha mwili unaamka unaidai. Ukitaka kuacha, siku 3 za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na hali hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4. Nenda hospitali uulize kuhusu viraka vya kubandika kwenye ngozi au chingamu za nikotini, vinasaidia.

Kabla hujafika huko, kavutie nje kabisa, mbali na madirisha na milango. Kibarazani hapatoshi; Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, inataka umbali wa mita 50 kutoka maeneo ya umma. Na huyo dada mwambie ahesabu pumzi za mwanawe kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 au zaidi, au kifua kikibonyea anapovuta hewa, ampeleke hospitali siku hiyohiyo.