Wasomaji Wanauliza: Mbunge akimuuliza waziri, hospitali inapata nini?

SWALI

Baba mhariri, nakusalimu kutoka komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita binti yangu alijifungua kwa kupasuliwa katika hospitali moja ya Serikali. Kabla hajaingizwa chumbani nilitumwa kwenye duka la dawa lililo mbele ya lango, nikanunue glavu, uzi, sirinji na chupa mbili za serumu, kisha nikaombwa fedha za mafuta ya jenereta. Mtoto alizaliwa salama, Mungu asifiwe, lakini mama yake alizuiliwa wodini siku tisa kwa sababu tulikuwa hatujamaliza deni. Siku zile zile nilisikia redioni wabunge wa Kinshasa wakimuuliza waziri habari za hospitali za Serikali. Waziri alijibu kwa upole, wabunge wakamshukuru, kikao kikaisha. Naomba unieleze: maswali yale yanatufaa nini sisi tunaouguza? Ni nani hasa wa kuulizwa? Na nikienda kwa mbunge, nimtaje muuguzi aliyepokea fedha zangu za mafuta?

Mama wa Katuba

JIBU

Mama, pokea pole yetu, na hongera kwa mjukuu. Kumzuia siku tisa mzazi aliyeshonwa tumbo, akiwa juu ya kitanda ambacho mgonjwa mwingine anakingojea, ni jambo linaloumiza, na linaumiza zaidi kwa kuwa watu wamekwisha kulizoea. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inasema kwamba haki ya afya imehakikishwa. Basi anayemuuliza waziri habari za wodi haombi hisani. Anadai hesabu ya kazi ambayo waziri alikabidhiwa.

Kifungu cha 138 kinawapa wabunge na maseneta njia kadhaa za kuisimamia Serikali, nazo hazina uzito mmoja. Swali la mdomo au la maandishi, liwe na mjadala au lisiwe nao, halifuatwi na kura, na nadhani ndilo ulilolisikia: waziri anajibu, anaulizwa tena kidogo, anamaliza, anakwenda zake. Juu ya hilo ipo interpelasheni, yaani kumtaka waziri ajieleze mbele ya Bunge kuhusu kazi yake, upo wito wa kufika mbele ya kamati, na ipo tume ya uchunguzi, ambayo inaweza kufika hospitalini penyewe na kutaka kuonyeshwa vitabu vya fedha. Likionekana kosa zito, kifungu cha 146 kinaliruhusu Bunge la Taifa kupiga kura ya kumwondolea waziri mmoja imani, mradi hoja hiyo itiwe sahihi na sehemu moja ya kumi ya wabunge na saa 48 zipite tangu ilipowekwa mezani. Maseneta wanauliza kama wabunge, lakini hawana uwezo wa kumwangusha waziri.

Hata hivyo, mimi sioni kwamba tatizo kubwa liko katika aina ya swali. Tatizo ni kwamba maswali mengi huulizwa kwa upana mno. Mbunge akisema, «Mheshimiwa Waziri, hali ya hospitali zetu ikoje?», amekwisha kumpa waziri mlango wa kutokea, naye atajibu kwamba Serikali inafuatilia kwa karibu. Lakini akisema kwamba katika hospitali fulani, tarehe fulani, mama aliyekuwa akingojea kupasuliwa alinunuliwa glavu na uzi na mzazi wake, kisha akauliza fedha za uendeshaji wa hospitali ile zilitoka siku gani, kiasi gani, na zikapokelewa na nani, hapo waziri atataja tarakimu au atakiri kwamba hana tarakimu, na lolote kati ya hayo mawili litaandikwa katika kumbukumbu za Bunge. Risiti zako za duka lile la langoni, mama, ndizo zinazoweza kulibadilisha swali. Zitunze, hata zile zilizochanika.

Sasa, nani wa kuulizwa? Hapa wengi hukosea mlango. Waziri wa Taifa anasimamia sera na kanuni za nchi nzima, lakini kifungu cha 204 kinayapa majimbo kazi ya kupanga huduma za matibabu, kuwapangia waganga vituo vyao, na kutunza afya ya msingi. Kwa hiyo tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015 na sisi tukabaki Haut-Katanga, sehemu kubwa ya malalamiko yako inamhusu waziri wa afya wa jimbo, na mwenye haki ya kumhoji huyo ni mbunge wa jimbo, ambaye kikao chake kiko hapa hapa mjini. Waziri huyo wa jimbo atajitetea kwamba Kinshasa haileti fedha, na utetezi huo una ukweli ndani yake, kwa maana kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo na yakatwe pale pale yanapokusanywa, jambo ambalo majimbo yamelilalamikia miaka mingi kwamba halitekelezwi. Ndiyo maana swali moja linapaswa kuulizwa pande zote mbili, tena kwa maneno yale yale, ili upande mmoja usipate nafasi ya kuutupia mwingine.

Wakati nao una maana yake. Serikali inatakiwa kuweka mswada wa bajeti mezani mwa Bunge la Taifa kabla tarehe 15 Septemba haijapita, na kikao kinachofunguliwa siku hiyo huendelea hadi tarehe 15 Desemba. Mwaka 2001, kule Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na wabunge wetu hupenda kuikumbusha ahadi hiyo. Mimi ningewaomba waulize zaidi kuhusu fedha zilizotoka kuliko zilizoandikwa, kwa sababu fedha iliyopigiwa kura na kubaki hazina haijawahi kununua hata chupa moja ya serumu.

Kuna jambo jingine ambalo ningelitia ndani ya swali hilo kama ningekuwa mbunge wako. Septemba 2023 Serikali ilianzisha, Kinshasa kwanza, mpango wa kujifungua bila malipo, pamoja na matunzo ya mtoto mchanga, na hospitali zinazoshiriki hulipwa na mfuko wa Serikali. Je, hospitali alikolazwa binti yako imeingia katika mpango huo? Kama imo, alitozwa kwa nini? Kama haimo, itaingia lini?

Usiende peke yako. Uliza katika kituo cha afya cha mtaani kwenu wanaokaa katika CODESA, yaani kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ambayo iliundwa ili wakaaji wawe na sauti katika mambo ya afya. Wao wanawafahamu mama wengine waliopitia njia hiyo hiyo. Andikeni barua moja, mtie sahihi, mmpelekee mbunge wakati wa likizo ya Bunge, anapokuwa nyumbani kuwasikiliza waliomchagua, kisha mpeleke nakala kwa mamlaka ya afya ya jimbo. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuiandikia mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa kuandika barua ya namna hiyo. Mkataeni yeyote atakayewatisha.

Kuhusu muuguzi, ningekusihi usimtaje kwa mbunge. Wako wafanyakazi wengi wa afya katika hospitali za Serikali ambao hawamo katika orodha ya mishahara, na kuna vyumba vya upasuaji ambavyo jenereta haiwashwi mpaka jamaa wa mgonjwa watoe fedha. Tazama kwanza kama alikupa risiti. Ikiwa alikupa, basi fedha ziliingia hospitalini na ni wakubwa watakaoeleza kwa nini mafuta yananunuliwa na wagonjwa. Ikiwa hakukupa, na unaona yalikuwa matabishi, yaani kitu kidogo cha kutia mfukoni mwake, mwandikie daktari mkuu wa zoni ya afya barua ya peke yake, utaje siku, saa na wodi, ili yule muuguzi naye apate nafasi ya kujieleza.