Turubai au tenti, Nakuru mpaka Kisumu na baiskeli?

SWALI: Mimi na shemeji yangu tunataka kuendesha baiskeli kutoka Nakuru mpaka Kisumu, tupitie Njoro, Molo na Kericho, polepole tukilala njiani. Yeye anasema turubai na kamba inatosha na ni nyepesi, mimi nataka tenti. Nani yuko sawa? – Msomaji, Njoro

JIBU: Ndugu yangu, chukueni tenti. Lakini kwa hiyo maneno ya uzito shemeji msikize, juu mkianza kupanda kuelekea Mau Summit kila kilo itaongea na magoti. Shida ya turubai ni kwamba hiyo barabara yenu ina hali ya hewa mbili: huko juu mnapita mita 2,000, usiku ni baridi kali na Kericho mvua ya alasiri ni kitu ya kawaida, halafu mkishuka mpaka Ahero kwa mashamba ya mpunga ni joto na mbu, na mbu wa huko wanaleta malaria kabisa, si mchezo. Sasa ukiongeza neti, plastiki ya kutandika na fito za kuisimamisha, unakuta uzito ni karibu ule ule tu.

Tafuteni ya watu wawili, ndani neti, nje kitambaa cha mvua, kilo mbili hivi au chini, mmoja abebe vyuma vya kuisimamisha mwingine kitambaa. Zile za kitambaa kimoja ni nyepesi kweli, ila pumzi yenu inageuka maji ndani na kwa baridi ya Molo mtaamka blanketi imelowa. Na iwe inasimama yenyewe bila vigingi, nasisitiza hapo, juu mara nyingi mtaomba kulala kwa uwanja wa shule ama veranda ya kanisa na sementi haikubali kigingi.

Kabla ya kulipa kunja vyuma uvipime na usukani wa baiskeli kama mtavifunga hapo, vikiwa virefu sana vinabana breki na waya zake.

Mkifika nyumbani isimamisheni uani, mmoja aingie na tochi, mwingine amwage maji pole pole kwa mishono. Penye tone, paka gundi ya mishono, lakini soma lebo kwanza: kitambaa kikiwa cha silikoni gundi pia iwe ya silikoni, ile nyingine itabanduka.